Je, Mgonjwa Haulizwi Uji?



Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi: usisimame kando ya kitanda ukimwuliza mgonjwa kama atakunywa au hatakunywa. Mpikie, mletee, mnyweshe. Nimeitumia methali hii mara nyingi katika jumuiya ndogo ndogo nikifundisha juu ya kuwatunza wagonjwa. Lakini mama mmoja wa kigango chetu alinifanya niifikirie upya.

Mumewe alikuwa na saratani ya umio, yaani ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Jumapili moja baada ya ibada alingoja watu wote waondoke, kisha akanijia akasema, "Mwalimu, nimegombana na Baba Watoto juu ya kijiko cha uji. Nilimshika kidevu nikamtilia mdomoni, akautema kwenye nguo zangu. Yeye akalia, nami nikalia. Je, nimetenda dhambi? Na nikimwacha asile halafu afe, hiyo si dhambi kubwa zaidi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Tulisali pamoja, akaenda zake. Lakini swali lake halikuondoka moyoni mwangu. Nimewauliza madaktari na wauguzi, nimemwuliza paroko, nimesoma mafundisho ya Kanisa. Leo nawaletea niliyoyapata, kwa sababu nyumba nyingi za Kikristo zitakutana na swali hili siku moja. Katika nchi yetu saratani ya umio ni mojawapo ya saratani zinazoua watu wengi, na huko Bomet imejulikana kwa miaka mingi. Saratani za tumbo na utumbo nazo zipo.

Chakula ni lugha ya ndoa

Tuanze na jambo ambalo bwana na bibi wengi hawalisemi. Kati yetu, chakula si cha kujaza tumbo tu. Mke anapompakulia mumewe, anamwambia jambo. Mume anapokula akashiba, anamjibu. Kwa hiyo siku mume anaposukuma sahani kando, mke husikia moyoni mwake, "Sikutaki." Na mume asiyeweza kumeza huona haya, kwa sababu mezani mbele ya watoto amekuwa kama mtoto.

Ugonjwa huu huanza kwa hila. Kwanza nyama inakwama, halafu ugali, halafu mkate. Mume anakunywa maji kusukuma, anasingizia kwamba hana njaa, au anawapa watoto kipande chake. Mwishowe hata chai haipiti. Mpaka hapo miezi imepita na kilo nyingi zimeondoka. Bwana yule alificha hali yake kwa zaidi ya miezi mitatu. Mkewe alipomwona anakonda alidhani ana mwanamke mwingine anayempikia. Hebu fikirini: watu wawili wanalala kitanda kimoja, mmoja anakufa njaa na mwingine ana wivu, na hakuna anayesema neno.

Basi fundisho la kwanza ni ukweli. Chakula kikianza kukukwama, mwambie mwenzako siku ile ile, kisha mwende hospitali. Kumficha mwenzako njaa yako si kumwonea huruma. Ni kumnyima nafasi ya kutimiza agano lake, maana aliahidi mbele ya altare kuwa nawe katika ugonjwa pia.

Kabla ya kisu

Bwana yule alipopimwa, daktari alisema anaweza kufanyiwa upasuaji, lakini si mara moja. Alisema amekonda mno. Alishwe vizuri kwanza kwa muda wa wiki mbili. Jamaa walikasirika. Walisema hospitali inangoja kitu kidogo, na kwamba saratani itaenea wakati wao wanapika uji. Mama huyu naye aliamini hivyo.

Lakini daktari alikuwa na sababu. Baada ya upasuaji, mwili una kazi ya kufunga kidonda ndani na nje, kupigana na vijidudu, na kurudisha nguvu za kupumua na kutembea. Kazi zote hizo zinahitaji akiba. Aliyepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake katika miezi sita anaingia chumba cha upasuaji na ghala tupu. Kidonda chake huchelewa kupona, mshono wa ndani unaweza kuachia, na mapafu hushikwa na ugonjwa upesi. Ndiyo maana madaktari wa nchi nyingi hukubaliana kwamba mgonjwa aliyedhoofika sana alishwe siku 7 hadi 14 kwanza, hata kama upasuaji utasogezwa mbele. Kungoja huko ni sehemu ya matibabu.

Alishwe nini? Hapa ndipo upendo unapohitaji maarifa. Wengi wetu humpa mgonjwa uji mweupe wa mahindi wenye sukari, supu ya mifupa na maji ya glukosi. Vitu hivi hupita kooni vizuri, lakini havijengi mwili sana. Kwa kawaida mgonjwa anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na protini gramu moja hadi gramu moja na nusu kwa kila kilo. Mtu wa kilo 50 basi atafute protini kama gramu 60 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maziwa kina kama 8. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina kama 15, na konzi moja ya njugu karanga ina kama 7. Hesabu wewe mwenyewe: mayai mawili, maziwa vikombe vitatu, maharagwe kikombe kimoja na konzi ya njugu ni gramu 58. Mkulima mdogo anaweza kuvipata hivi. Havihitaji duka la mjini.

Kwa asiyeweza kumeza vigumu, vyote vilainishwe. Uji wa wimbi upikwe kwa maziwa badala ya maji, utiwe njugu zilizosagwa laini na kijiko cha mafuta. Maharagwe yapondwe na kuchujwa. Omena ikaushwe, isagwe iwe unga, ichekechwe, itiwe kwenye mchuzi. Parachichi lipondwe na maziwa. Ale kidogo kidogo mara sita kwa siku, akiwa ameketi wima. Na yule ambaye hajala karibu chochote kwa siku nyingi asijazwe ghafla kwa furaha. Aanze pole pole chini ya uangalizi wa daktari, kwa maana mwili uliozoea njaa unaweza kudhurika ukipewa chakula kingi kwa mara moja. Ikiwa hata maji hayapiti, hospitali ina njia nyingine, kama mrija wa kulishia, au ule mrija wa kuzibua umio ambao hospitali ya Tenwek kule Bomet imewawekea wagonjwa wengi kwa miaka mingi.

Kuna uvumi mmoja ambao lazima niutaje. Watu husema nyama, mayai na maziwa hulisha saratani, basi mgonjwa anyimwe ili uvimbe ufe njaa. Si kweli. Mgonjwa asipokula, uvimbe haufi njaa. Mwili ndio unaokwisha. Nimeona mke akificha mayai kwa upendo wote, akifuata ushauri wa jirani. Upendo ulikuwepo, lakini maarifa hayakuwepo, na mgonjwa aliumia. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Kumheshimu ni pamoja na kumwuliza maswali na kufuata jibu lake.

Vivyo hivyo usiku wa kuamkia upasuaji. Daktari akisema mgonjwa asile tangu saa fulani, usimpenyezee chai kwa huruma. Chakula kikiwa tumboni au kimekwama kwenye umio, wakati wa nusukaputi kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, naye akafa mezani. Lakini pia usianze kumfungisha siku mbili mapema kwa hofu. Uliza saa ya kuacha chakula na saa ya kuacha maji, uandike kwenye karatasi.

Neno kwa mama mkwe na jamaa

Mume akikonda, wa kwanza kulaumiwa ni mke. Mama mkwe wa dada yetu alifika nyumbani, akaangalia jiko, akasema mbele ya watu, "Mwanangu aliondoka kwangu akiwa na mwili." Mama huyu aliniambia kwamba ni maneno hayo yaliyomfanya siku ile ashike kidevu cha mumewe. Hakuwa akimlisha mgonjwa; alikuwa akijitetea mbele ya mama mkwe.

Tulitafakari hili pamoja. Mara nyingi tunapomlazimisha mgonjwa, tunatuliza hofu yetu wenyewe. Tunataka tuweze kusema, "Nilijaribu." Hofu hiyo ni ya kibinadamu na Mungu anaielewa. Lakini mgonjwa si mahali pa kutulizia hofu. Wewe mume mwenye nguvu bado ya kusema, mtetee mkeo mbele ya mama yako. Neno moja lako, "Mama, ananitunza vizuri, ni koo linalokataa," litamponya mkeo kuliko dawa.

Baada ya kisu

Upasuaji ulifanyika. Bwana yule alirudi nyumbani na mrija mdogo unaoingia kwenye utumbo kupitia ubavuni mwa tumbo. Mkewe alifundishwa na wauguzi: kunawa mikono, kumketisha, kupitisha chakula kilichoagizwa pole pole, na kusafisha mrija kwa maji safi kabla na baada ya kulisha ili usizibe. Uji mzito wa nyumbani haupiti mrija mwembamba. Baadaye akaanza kuonja kwa mdomo: maji, kisha vitu laini, kisha chakula.

Hapa ndoa nyingi hutikisika kwa mara ya pili. Watu hudhani upasuaji ukiisha, mambo yamerudi kama zamani. Hayarudi hivyo. Aliyekatwa umio au tumbo hana tena ghala la kuwekea chakula. Akila sahani ya zamani atatapika. Akinywa chai tamu pamoja na chakula, chakula hukimbilia kwenye utumbo, naye hutoka jasho, moyo unamwenda mbio, anahara, anataka kulala. Mama huyu aliliona jambo hili akadhani mumewe amelishwa sumu na jirani. Haikuwa sumu. Dawa yake ni kula kidogo mara nyingi, kupunguza vitu vitamu, na kunywa maji nusu saa kabla au baada ya kula, si pamoja. Aliyetolewa tumbo lote atahitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano. Aliyekatwa umio hulala akiwa ameinuliwa kichwa na kifua, kwa maana akilala chali vitu vya tumboni hurudi juu.

Kwa hiyo kitanda nacho hubadilika. Mmoja ameegemea mito, ana mrija, anaona haya ya harufu yake. Mwingine anaogopa kumgusa asije akamwumiza. Wakimya hivyo, kila mmoja hudhani mwenzake amemchoka. Semezaneni. Kulala mbali kidogo kwa sababu ya kidonda si kuachana, lakini lazima isemwe kwa mdomo. Mshike mkono. Mkono hauna mshono.

Mabwana, nanyi

Mpaka hapa nimesema juu ya mke anayemwuguza mume. Lakini saratani haichagui, na siku mke ndiye anayelala, nimeona mabwana wengi wakimwita binti aache shule aje apike, au wakimrudisha mgonjwa kwao. Tulipofunga ndoa hatukusema kwamba ugonjwa ni zamu ya mke. Yesu Kristo mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwaandalia mitume samaki na mkate kwenye makaa kando ya ziwa. Kama Bwana wetu hakuona haya ya moto na moshi, wewe ni nani? Jifunze kukoroga uji ungali na afya, kabla haujahitajika.

Na wewe unayelishwa, bwana au bibi, kupokea nako ni kazi ya ndoa. Pale pale ziwani Petro aliambiwa kwamba akizeeka mwingine atamfunga mshipi. Kunywa kijiko hata bila hamu, kwa sababu aliyekishika amechoka, na kwa sababu mwili wako si wako peke yako. Ukishindwa, sema nimeshindwa, wala usiumwage dirishani.

Jambo moja zaidi kwa wagonjwa Wakatoliki. Bwana yule aliacha kuja Misa kwa sababu hakuweza kumeza hostia, akaogopa kuitapika. Hakujua kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 925, inaruhusu kupokea kwa umbo la divai pekee penye haja. Paroko alimletea Damu ya Kristo nyumbani, akapokea kidogo sana. Na kanuni ya 919 inawaruhusu wagonjwa, na hata wale wanaowatunza, kupokea Ekaristi ingawa wamekula kitu ndani ya saa moja iliyotangulia. Kanisa linajua kwamba anayepika uji wa mgonjwa huuonja.

Mwili unapokataa kabisa

Bwana yule aliishi karibu miaka miwili baada ya upasuaji. Alikula na watoto wake, akarudi shambani kidogo. Kisha ugonjwa ukarudi, na safari hii daktari akasema hakuna kisu tena. Mama huyu akanijia na swali lile lile, "Mwalimu, nimlazimishe?"

Sasa nilikuwa na jibu. Kanisa linafundisha kwamba chakula na maji ni haki ya mgonjwa. Hatunyimi mtu chakula ili afe. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 2004 kwamba hata chakula kinachopitia mrija, kwa kawaida, ni utunzaji wa lazima, maadamu kinafikia lengo lake, yaani kulisha na kupunguza mateso. Barua ya Vatikani iitwayo Samaritanus Bonus, ya mwaka 2020, inaeleza kwamba mwili usipoweza tena kupokea wala kutumia chakula hicho, wajibu wa kukitoa haupo tena. Tofauti iko hapo. Kabla ya kisu, chakula kilikuwa kinajenga, basi kumsihi na kumtia moyo, hata kumwudhi kidogo, lilikuwa jambo jema. Mwishoni mwili wenyewe hufunga mlango, na kumjaza chakula ni kumwongezea kichefuchefu na kukabwa. Si mke anayemwacha afe njaa. Ni ugonjwa unaomwondoa, naye hasikii njaa kama tunavyoisikia sisi.

Nilimwambia alowanishe midomo yake kwa kitambaa, ampe kijiko cha maji akitaka, aketi naye. Alifanya hivyo. Mumewe alipokea Mpako wa Wagonjwa akafariki akiwa ameshikwa mkono. Baada ya mazishi mama aliniuliza kama alimnyima. Nilimwambia hapana, nami naamini hivyo mbele ya Mungu.

Basi methali inasemaje?

Nabii Eliya alipochoka akataka kufa, malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala kidogo akalala tena. Malaika hakumkemea. Alimwacha alale, kisha akarudi mara ya pili na chakula, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Huyo ndiye mwuguzi mwema: chakula kiko tayari, kidogo, tena na tena, na mkono ni mwororo.

Mgonjwa haulizwi uji, ndiyo, kwa maana asiombe. Awe nao karibu bila kuomba. Lakini mgonjwa aulizwe: unaumwa wapi, unaweza kumeza nini leo, unataka sasa au baadaye? Mwenye kuulizwa hivyo bado ni mume, bado ni mke. Hajageuka kuwa mdomo tu.

Bwana na bibi, jioni moja wiki hii zungumzeni haya:
1. Je, kuna maumivu au kukwama kwa chakula ambako mmoja wetu anamficha mwenzake?
2. Nikiugua, nani atanipikia, na je, anajua kupika?
3. Ni neno gani la jamaa linalomwumiza mwenzangu, ambalo mimi ndiye ninayepaswa kulijibu?

Kisha salini Baba Yetu pamoja, mkikumbuka kwamba mkate tunaouomba ni wa leo. Mungu awabariki.